Muulizeni Mwenyewe

Kaltumi hajui kukaa. Mpe kiti, baada ya dakika mbili utamkuta dirishani. Mpe chai, ataiacha nusu mahali ambapo yeye mwenyewe hatapakumbuka. Hata cherehani yake, iliyowekwa kwenye baraza ya maduka ya zamani ya Wahindi pale Old Kampala, inajulikana mtaa mzima kwa mlio wake: inakimbia, inakatika, inakimbia, inakatika, maana mshonaji kainuka tena. Wazazi wanaomletea sare za shule wamekwisha kuzoea. Ukienda kuchukua sketi ya bintiyo ukaambiwa Kaltumi yuko mkutanoni, usigombane na mtu. Rudi kesho, na hiyo kesho yenyewe usije mapema.

Mikutano yote hiyo, miaka kumi na moja sasa, ilikuwa kwa ajili ya mtu mmoja, mdogo wake Yasiin.

Yasiin ana miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa na ulemavu wa akili, na wazazi wao walipofariki, Kaltumi ndiye aliyekuwa mama, akawa baba, na wakili juu yake. Maneno ya Yasiin hayazidi ishirini. Anasema “maji”. Anasema “moto” mtu akisogelea sigiri, lile jiko la makaa. Anasema “bado” kitu kisipotimia, na “Kal” akimtaka dada yake. Anasema pia “Ijumaa”, kwa kuwa siku hiyo huvaa kanzu iliyopigwa pasi na kupanda kilima pamoja na Kaltumi hadi msikitini. Asichokisema kwa mdomo hukisema kwa njia nyingine, lakini lazima uwe na subira ya kumtazama, na subira, jamani, Kaltumi hakugawiwa.

Kuna kazi moja ambayo Yasiin humshinda kila mtu mtaani, nayo ni kahawa. Ni ile kahawa ya Wanubi, yenye tangawizi ya kuwasha koo, waliyorithi kwa mababu zao waliokuja na jeshi kutoka Sudani. Anakaanga buni mwenyewe, anaitwanga kwenye kinu, anaichemsha kwenye dele la marehemu mama yao, sigiri likiwa pembeni ya cherehani ya dada yake. Kila alasiri hubeba finjani na kuipita baraza nzima: fundi saa, muuza vitambaa, wazee waliokuja kupiga soga, hadi langoni mwisho kabisa, anapokaa askari wa jengo.

Sasa, kwa Wanubi finjani ya kwanza haitolewi ovyo. Ni ya mkubwa. Aliyewazidi wote umri barazani ndiye anayeanza, na ukikosea hapo umewavunjia watu heshima, kahawa iwe nzuri namna gani. Sheria hiyo Yasiin hakuishika kamwe. Huwapita wazee wote na mikono yao imekwisha kunyooka, akaanzia langoni, ndipo akarudi nyuma kwa wengine. Kaltumi alikuwa na maelezo yake.

“Anapenda lango,” alisema. “Anapenda kutazama magari.”

Watu wakakubali. Nani angebishana na Kaltumi juu ya Yasiin?

Vita vyake vilianza hivi. Yasiin alipofika miaka ishirini, Kaltumi alishauriwa ampeleke kwenye kituo kimoja nje ya mji, cha kulea watu wa aina yake, jina lake halina haja hapa. Wasaidizi wa pale walibadilishwa kila mwezi. Saa mbili asubuhi watu waliwekwa foleni kuogeshwa, na Yasiin tangu utoto huoga baada ya magharibi. Mchana walifundishwa kutunga shanga. Yasiin hataki shanga. Kwenye daftari wakaandika kwamba hana ushirikiano, na usiku walikuwa wakifunga milango kwa komeo la nje. Kaltumi alipokwenda kumtazama baada ya miezi miwili alimkuta amekonda na amepoteza maneno manne. Alimrudisha nyumbani siku ile ile kwa bodaboda, wamebanana watatu, na Yasiin hakuiachia nguo ya dada yake mpaka kesho yake.

Tangu hapo hakuna ofisi iliyomkwepa. Alisema katika kumbi za parokia kule Nsambya, akasema kwa wenyeviti wa mitaa, akasema redioni mpaka mtangazaji akamwomba apumue. Hoja yake ilikuwa moja. Msaada lisipewe jengo, apewe mtu. Yeye achague nani amsaidie, saa ngapi, na kwa jambo gani. Akitaka kuoga jioni, aoge jioni. “Ninyi mnaoga kwa amri ya nani?” aliwauliza wakubwa waliovaa tai, na wakubwa wakatazama makaratasi yao.

Walimjibu vilevile kila mara. Atachaguaje, na kusema hawezi? Naye aliwarudishia maneno yale yale mawili mpaka yakawa jina lake la utani: “Muulizeni mwenyewe.”

Kulikuwa na ofisa mmoja aliyemtazama Yasiin kisha akamwambia Kaltumi, “Huyu hajui, mama.” Kaltumi alisimama mbele ya meza ya yule bwana tangu asubuhi hadi adhuhuri, akikataa kiti, mpaka radhi ikaombwa. Si yeye aliyeombwa. Alidai aombwe Yasiin.

Hatimaye Mungu akajaalia. Chama chao kidogo cha kutetea watu kama Yasiin, ambacho Kaltumi alikuwa mmoja wa kamati yake, kilipata mfadhili wa kujaribu jambo lile kwa watu kumi tu katika Kampala nzima. Kila mmoja angechagua msaidizi wake, chama kingemlipa kwa miaka miwili, na siku zake angejipangia mwenyewe. Yasiin alikuwa wa saba kwenye orodha. Kanuni zikaandikwa, na ya tatu aliitunga Kaltumi kwa mkono wake: ndugu hasemi badala ya mhusika wala hamfundishi jibu, na ikigundulika, jina linaondolewa. Wenzake waliona ni kali. Aligonga meza ikapita.

Lakini kulikuwa na Bombo, mji ulio nje ya Kampala. Baba yao mdogo, mzee Sulaimani, dereva mstaafu wa malori, anaishi huko na ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Si mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa amechoka kumwona binti wa kaka yake akizeeka mbioni.

“Umehangaika vya kutosha, binti yangu,” alimwambia. “Nipe Yasiin nikamweke Bombo. Kuna chumba nyuma ya nyumba, kuna ukuta, kuna geti. Tutafunga, hatapotea.”

“Mtafunga kwa nje, baba mdogo.”

“Kwani geti hufungwaje?”

Wakakubaliana. Kamati ikimpitisha Yasiin, atabaki Old Kampala. Ikimkataa, mzee anamchukua wiki hiyo hiyo, na Kaltumi hatafungua mdomo. Kaltumi aliapa, maana kwa Wanubi neno la mkubwa wa ukoo halipingwi mara mbili.

Baada ya kiapo hicho usingizi ulimhama. Babra, ofisa wa chama, alikuwa ameomba picha za watu walio karibu na Yasiin. Zikapigwa tatu: ya Kaltumi, ya baba mdogo, na ya Kidega, yule askari wa lango. Siku ya kikao zingewekwa mezani naye aguse ya anayemtaka; pasipo ishara ya wazi, kamati haimpitishi. Kaltumi akaanza kujiuliza. Je, akizitazama tu? Akicheka? Akigusa ya baba mdogo kwa sababu ya kofia yake nyekundu? Miaka kumi na moja ipotee kwa kofia?

Akaenda kununua kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo anavyovipenda Yasiin kuliko kitu chochote. Akazipanga picha kwenye meza ya kukatia nguo. Yasiin akigusa ya mzee, hapewi kitu. Akigusa ya askari, hapewi kitu. Akigusa ya Kal, kabalagala inatua kiganjani. Siku tisa mfululizo, asubuhi na jioni, mlango umefungwa. Kwani uongo uko wapi, alijiambia. Atamchagua nani tena kama si mimi? Mimi ninamsaidia tu kusema anachotaka kusema. Mganga hajigangi, na mganga huyu hakujua hata kwamba anaumwa.

Jumanne, siku ya kikao, alifagia baraza mara mbili, akatandika vitambaa vipya kwenye viti, akavitoa, akarudisha vya zamani. Babra alikuwa amesema kikao kifanyike pale pale Yasiin alipozoea. Basi viti vikapangwa barazani, safu moja, kati ya sigiri na lango. Mzee Sulaimani akapewa kochi lililotolewa ndani. Kaltumi akakaa nyuma ya cherehani yake, kwa kuwa huko mikono ilikuwa na cha kushika.

Babra alifika alasiri inakaribia, pamoja na kijana wa kuandika. Ni binti wa polisi, amekulia kambi ya Nsambya, ndiyo maana Kiswahili chake hakisuasui. Alimsalimu mzee kwa kuinama, kisha akavuta kiti mpaka karibu na Yasiin.

“Yasiin, mimi naitwa Babra. Nimekuja kwako, sikuja kwa dada.”

Kaltumi aliguna kwa furaha. Maneno hayo aliwafundisha yeye.

“Hawa ni watu unaowajua,” Babra akaendelea, akiziweka picha mezani. “Unataka nani awe anakusaidia? Fikiri, mimi sina haraka.”

Yasiin hakufikiri, wala hakuzitazama. Macho yake yalikuwa kwenye makaa. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye picha ya Kaltumi, kikagusa, kisha akamgeukia dada yake akamnyooshea kiganja.

Babra akadhani anataka kupeana mkono. Akaushika ule mkono, akautikisa. “Vizuri sana, Yasiin.”

Yasiin akautazama mkono wake uliorudi mtupu. Akaunyoosha tena kwa Kaltumi.

“Bado,” akasema.

Mguu wa Kaltumi ulikuwa umekwisha kukanyaga pedali bila mwenyewe kujua. Cherehani ikakimbia haina uzi, ikatoboa kola ya shati la mtoto wa watu kutoka ncha hadi ncha.

“Ana maana gani, bado?” Babra akauliza.

Ndugu haruhusiwi kusema. Hapo kanuni ya tatu ikamfaa Kaltumi, akaikumbatia, akanyamaza nayo.

“Basi amechagua,” akasema mzee Sulaimani, akishusha pumzi. “Mungu ndiye mpangaji. Sasa tunywe kahawa, wageni wametoka mbali.”

Babra akaandika. Adhana ya alasiri ikashuka kutoka kilimani. Yasiin, ambaye saa yake ni hiyo, aliacha kunyoosha mkono akaenda kwenye sigiri. Hata yule kijana mwandishi aliweka kalamu chini kumtazama. Akatwanga, akachemsha, akashusha dele kabla halijafurika, akaliacha litulie kwa muda wake. Katika kazi ile hapakuwa na mtu wa kuhurumiwa. Kisha akamimina finjani moja, akaishika kwa mikono miwili na kuanza kutembea.

Mzee Sulaimani akanyoosha mkono. Yasiin akampita. Akampita Babra, akampita mwandishi, akalipita duka la fundi saa, anakwenda langoni, na mkono wa mzee umebaki hewani mbele ya wageni.

Aibu ilimwaka Kaltumi usoni. Aliruka kutoka kwenye cherehani, hatua tatu, akamdaka Yasiin kiwiko, akamnyang'anya finjani. Kahawa ikamwagika na kumuunguza yeye mwenyewe kifundo cha mkono. Akairudisha kwa mzee huku amepiga goti.

“Nisamehe, baba mdogo,” akasema, akijichekesha. “Huyu hajui.”

Alilisikia neno lile likitoka. Hakuna mwingine aliyestuka. Mzee alipokea akanywa, Babra akatabasamu kwa adabu, gari likapiga honi barabarani. Lakini Kaltumi alibaki amepiga goti, ameduwaa, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyesema nyuma yake. Aliwahi kusimama asubuhi nzima mbele ya meza ya mtu kwa ajili ya neno lile.

Yasiin alikuwa bado amesimama pale aliponyang'anywa, mikono imekaa vilevile ya kushika finjani. Hakulia, hakugombana. Akaketi chini sakafuni akawapa mgongo. Kule langoni Kidega alikuwa ameinuka. Alimtazama Yasiin, akamtazama Kaltumi, kisha akaketi tena polepole, akasogea upande mmoja wa benchi na kuacha nafasi ya mtu.

Kidega ni Mwacholi, mtu wa kaskazini, wa makamo, naye mwana wa polisi, siku hizi amepanga Namuwongo karibu na reli. Sare na rungu kapewa na kampuni, benchi kajiletea mwenyewe. Kaltumi alikuwa akimpigia salamu kila asubuhi na kila jioni, na hajui hata ana watoto wangapi.

Babra akawa amegeuza kiti. “Kila siku anaanzia pale?”

Akamwita askari. Kidega akaja, kofia mkononi.

“Wewe huwa unakaa naye?”

“Mimi ni askari tu, madamu. Sina maneno mingi.”

“Lakini unakaa naye.”

“Dada akienda mkutano, sisi nabaki hapa. Yeye anafanya kazi yake, mimi nafanya yangu. Akitaka kutembea, mimi natembea nyuma kidogo. Akichoka, tunarudi.”

“Unamwambia afanye nini?”

Kidega akaonekana kutoelewa swali. “Yeye ni mtu mzima,” akasema.

“Tangu lini?”

“Tangu mikutano ya dada ianze.”

Akaruhusiwa kurudi kwenye benchi lake. Kaltumi aliangalia sakafu. Alasiri zote zile alizokuwa Nsambya, redioni, kwenye milango ya ofisi, akiwaambia watu wamuulize mwenyewe, palikuwa na mtu barazani ambaye hakuwa na haja ya kuambiwa. Na kila siku Yasiin alikuwa akijibu, kwa finjani, mbele ya mtaa mzima. Anapenda magari, eti. Yasiin hajawahi kuyatazama magari hata siku moja.

“Hata hivyo,” Babra akasema, akifungua faili, “picha ameigusa. Kanuni inataka ishara ya wazi, na ile ilikuwa wazi. Mama Kaltumi, weka sahihi hapa, mahali pa msaidizi, tumalize.”

Kaltumi akashika kalamu. Karatasi ilikuwa pale, jina la Yasiin juu, mstari mtupu chini. Akitia sahihi, Bombo imekwisha. Yasiin atabaki kwenye kahawa yake, ataoga jioni, lango hili hili, Kidega huyu huyu. Nani ataumia? Akisema kweli, kanuni ya tatu inalifuta jina, na keshokutwa gari linakuja. Ni kichaa gani angesema? Kifundo kilikuwa kinamuwasha, na macho yake hayakuondoka kwenye kile kiganja cha Yasiin kilichoonekana kwa pembeni, wazi juu ya goti, hakina kitu.

“Nilimfundisha,” akasema.

Babra akainua uso.

“Siku tisa. Akigusa picha yangu nampa kabalagala. Mkono alionyoosha hakuwa anakusalimia, binti yangu. Alikuwa anadai malipo yake.”

“Kaltumi, funga mdomo wako,” mzee Sulaimani akasema kwa sauti ya chini. Yeye ndiye angefaidika na kukiri huko, lakini aibu ya familia mbele ya wageni ilikuwa nzito kwake kuliko Bombo.

“Kanuni unaijua,” Babra akasema.

“Niliiandika mimi. Andika kwamba kosa ni langu, yeye hakumdanganya mtu. Nitoeni kwenye kamati, nitangazeni, sawa.” Akaiweka kalamu mezani. “Lakini mmekuja kumuuliza na hamjamuuliza. Mmeniuliza mimi kwa kidole chake. Muulizeni mwenyewe.”

Babra akapigapiga kalamu kwenye faili. Halafu akamwambia, “Chukua picha zako uondoke hapa. Na wewe mzee, nakuomba kwa heshima, mfuate.”

Wakavuka barabara, wakasimama mbele ya duka la vyombo. Mzee aliomba kigoda akapewa. Kaltumi alikwenda hadi nguzo ya umeme, akarudi, akaenda, akarudi. Malori yalimziba, mabasi yalimziba, na katikati yake aliona vipande tu: mgongo wa Yasiin, Babra ameketi kimya, mgongo wa Yasiin tena.

“Tulia, unanizungusha kichwa,” mzee akasema.

“Anamwambia nini? Mbona hamwambii kitu?”

“Keshokutwa naleta gari, hilo ulijue.”

Ilipita nusu saa. Yasiin akainuka. Akapuliza makaa, akaliweka dele tena, akasubiri, akamimina. Babra alikuwa njiani kabisa, hakunyoosha mkono. Yasiin akampita yeye na mwandishi wake, akaipita baraza yote. Kidega akasimama, akavua kofia, akaipokea finjani kwa mikono miwili kama anavyopokea mtu aliyefundishwa kwao. Akanywa. Yasiin akaketi kwenye ile nafasi ya benchi, mabega yakashuka. Baada ya kitambo Babra akaenda na kiti chake, akakiweka mbali kidogo nao.

Mzee Sulaimani alikuwa amesimama sasa, amejikinga jua kwa kiganja.

“Kumbe ana mkubwa wake,” akasema kwa uchungu. “Mwacholi. Wala si mimi.” Kisha akamtazama Kaltumi. “Wala si wewe.”

Kaltumi aligeukia tena nguzo ya umeme. Alikuwa akilia, na alikuwa na hasira, na kama ungemuuliza ni hasira ya nani angekufukuza.

Kamati ilikaa siku tatu, mzee akingoja neno lake kabla ya kuleta gari. Jina la Yasiin halikufutwa, kwa sharti kwamba Babra atakuja wakati wowote bila hodi, kuona ni nani anayesema humo ndani. Jina lililofutwa ni la Kaltumi, kutoka kwenye kamati, kwa mwaka mzima. Mzee Sulaimani alirudi Bombo peke yake. Alisema, “Mungu anisamehe nikikubali jambo hili,” na alilikubali, akaacha gunia dogo la buni mlangoni bila kuaga.

Kidega akatia sahihi mahali pa msaidizi, kisha siku zikapangwa. Babra alileta ubao wenye misumari saba, kila msumari siku moja, na picha zenye matundu. Yasiin alifanya kazi hiyo alasiri mbili, bila kuharakishwa, na Kaltumi yuko ng'ambo ya barabara. Picha ya beseni ilitundikwa jioni. Picha ya shanga ilitupwa kwenye sigiri, ikaungua mbele ya Babra. Kidega alipata misumari sita.

Kaltumi aliitwa kuja kutazama. Picha yake ilikuwa kwenye msumari wa Ijumaa. Akaitafuta kwingine.

“Ni hiyo tu,” Babra akasema taratibu.

“Si haba,” akasema Kaltumi. Akazigeuza zile siku sita kichwani, hajui aziweke wapi.

Ijumaa ile walipanda kilima pamoja, kanzu imenyooka, na Yasiin alimshika mkono njia nzima kama kawaida yake. Jumamosi, mazoea yana taabu, Kaltumi aliamka mapema, akachemsha maji, akayapoza kidogo, akachukua sabuni na taulo. Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa akimnyoa, miaka na miaka. Alifika kwenye mlango wa Yasiin na beseni mikononi, akagonga kwa goti.

Komeo likalia kwa ndani. Lilikuwa jipya, Kidega ndiye aliyelipigilia. Mlango ukafunguka kiasi cha uso. Yasiin alikuwa na fulana yake ya kulalia, macho mazito ya usingizi. Akalitazama beseni. Akamtazama dada yake, na akatabasamu, maana anampenda, hilo halina shaka hata chembe.

“Kal,” akasema. Halafu, kwa upole, kama mtu anayemfahamisha mwingine jambo alilosahau: “Ijumaa.”

Akafunga mlango, na komeo likarudi mahali pake.

Kaltumi alisimama pale mpaka maji yakapoa. Miaka kumi na moja alipigania mlango ule ufungwe kwa ndani, na hakuwahi kufikiri ni nani atakayekuwa nje. Akaenda akamwaga maji, akatoka barazani, akakaa.